Machozi ni ya Msomaji: Mwongozo wa Kujenga Mhusika Anayeshika Moyo

Hadithi yangu ya kwanza niliyoifikisha mwisho ilimhusu mtoto yatima. Aliteswa na mama wa kambo, akafukuzwa, akaugua, akafa. Nilimsomea shangazi yangu jikoni huku akichambua mchele. Nilipofika mwisho, aliyekuwa analia ni mimi. Shangazi aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, kisha akaniuliza: "Huyo mtoto, alikuwa anapenda kula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilijua idadi ya fimbo alizochapwa na saa aliyokata roho, lakini sikujua chakula anachokipenda, wala wimbo anaoimba akiwa peke yake. Nilikuwa nimeandika mateso yasiyo na mtu ndani yake.

Tangu siku hiyo nimesoma miswada mingi ya waandishi wachanga, na kosa hilo nalikuta mara kwa mara. Mwandishi anarundika misiba, kisha anakaa kusubiri msomaji alie. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kwamba huruma humwendea mtu aliyepatwa na baya asilolistahili, na hofu hutushika tukiona kwamba aliyepatwa ni mtu kama sisi. Nusu ya kwanza tunaijua sana. Hiyo ya pili ndiyo inayotuponyoka. Mtu kama sisi si lazima awe wa mtaa wetu au wa dini yetu. Ni mtu mwenye shughuli yake leo, mwenye jambo linalomkera, mwenye kitu anachokificha.

Katika mwongozo huu nitamjenga mhusika mmoja tangu mwanzo, nawe ukimfuata, mjenge wako pembeni. Wangu anaitwa Bi Tatu. Ana miaka hamsini na kitu, anakaanga vibua na kuviuza jioni mtaani Ngamiani, mjini Tanga. Binti yake, Mwanahawa, yuko Muscat, Oman, mwaka wa pili sasa, anafanya kazi za ndani. Kwa kuwa mama yake si msomaji mzuri, Mwanahawa hamwandikii. Humtumia ujumbe wa sauti.

Hatua ya kwanza: Tafuta anachokitaka kabla ya magharibi

Ukimuuliza mwandishi mhusika wake anataka nini, mara nyingi atakujibu: anataka furaha, anataka haki, anataka maisha bora. Hayo kila mtu anayataka, kwa hiyo hayamtofautishi yeyote. Tafuta kitu kinachoshikika kwa mkono na chenye muda wake.

Simu ya Bi Tatu ni mbovu. Inawaka, inakaa dakika chache, inajizima. Ni wiki ya tatu hajasikia sauti ya Mwanahawa, na hajui kama aliyenyamaza ni mtoto au ni simu. Leo anataka fundi aitengeneze. Basi.

Nyuma ya hitaji hilo dogo limekaa kubwa: anataka kujua kama mwanawe yu salama. Usiliandike hilo kubwa. Msomaji akimwona mwanamke ameacha samaki wake kwa jirani, amevaa kanga ya kutokea, amekaa kwenye benchi la fundi simu tangu saa nane, atalifikia mwenyewe, na akilifikia mwenyewe halimtoki.

Chukua karatasi ujaze sentensi hii kwa mhusika wako: *Kabla ya magharibi lazima awe amepata kitu fulani, la sivyo jambo fulani litatokea.* Ukishindwa kuijaza bila kutumia maneno kama furaha, amani au mafanikio, usianze kuandika bado.

Hatua ya pili: Mpe ustadi, kisha mpe doa

Watu huvutwa na mtu anayefanya kazi yake vizuri, hata kama kazi yenyewe ni ndogo. Mtazame fundi baiskeli hodari barabarani uone watu watakavyosimama. Kwa hiyo kabla ya kumwonyesha mhusika akiumia, mwonyeshe akiweza.

Ustadi wa Bi Tatu uko masikioni. Mafuta yakipata moto wa kutosha huyajua kwa mlio, wala hayaangalii. Samaki akiwa tayari kugeuzwa, humsikia. Na masikio hayohayo ndiyo anayoyatumia kwa mwanawe: akisikiliza ujumbe anajua kwamba Mwanahawa amejifungia bafuni, kwa sababu sauti inarudi, anajua ni usiku wa manane, kwa sababu ananong'ona, anajua amefunga kitambaa kichwani kwa namna inayoziba mdomo. Ona jinsi ustadi wa kazi ulivyogeuka kuwa upendo bila neno upendo kutajwa. Mhusika wako akiwa na ustadi, utafutie njia ya kuingia kwenye jambo linalomuuma. Ukibaki pembeni unakuwa pambo.

Kisha doa. Mwandishi wa Uingereza E. M. Forster, mwaka 1927, aliwagawa wahusika katika makundi mawili: wale wanaoelezeka kwa sentensi moja, na wale wanaoweza kutushangaza nasi tukawaamini. Walimu wetu wa fasihi huwaita wahusika bapa na wahusika duara. Maskini mwema asiye na kosa ni bapa, hata ukimlundikia machozi ya bahari nzima. Bi Tatu ana doa: safari ya Muscat ilikuwa shauri lake. Mwanahawa alikuwa fundi cherehani, alikuwa na wateja wake, hakutaka kuondoka. Cherehani iliuzwa ili pasipoti ipatikane, na aliyeiuza ni mama. Majirani wakiuliza, Bi Tatu husema: "Alitaka mwenyewe."

Doa zuri ni lile ambalo msomaji angeweza kulifanya. Kina mama wangapi wamemsukuma mtoto kwa nia njema?

Hapa niseme neno kuhusu majina. Shaaban Robert katika *Kusadikika*, kitabu cha mwaka 1951, alimwita mshitakiwa Karama na mshitaki wake Majivuno. Kwa hadithi ya mafumbo kuhusu utawala, majina hayo yanafanya kazi yake barabara. Lakini ukiandika hadithi ya mtu wa Ngamiani ukamwita mtu mbaya Bwana Dhuluma, umeshamhukumu kabla hajaingia mlangoni, na msomaji hana tena sababu ya kumchunguza. Bi Tatu nimempa jina hilo kwa kuwa ni mtoto wa tatu kwa mama yake. Linatosha.

Hatua ya tatu: Mfikishe mahali pa kuchagua

Hapa ndipo ninapoomba ukae muda mrefu kuliko kwingine kote. Mtu anayepatwa na mambo tunamsikitikia. Mtu anayechagua, na kulipia alichochagua, tunaambatana naye. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa. Huruma ni ya mbali. Unaweza kumsikitikia mtu ukaendelea na chai yako. Lakini ukimwona mtu amesimama kwenye njia panda, akili yako inaanza kuchagua pamoja naye, upende usipende.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa rahisi: simu imejazwa na sauti za Mwanahawa, fundi anasema zifutwe ili mpya ziingie. Niliipenda sana. Nikaenda kukaa kwenye kibanda cha fundi simu siku mbili, na nilipomsimulia aliniambia kwa upole kwamba ujumbe wa sauti ni mdogo mno, hauwezi kujaza simu. Kinachojaza ni video. Kama ningeichapisha vile, kila fundi simu na kila kijana mwenye simu ya bei rahisi angegundua, na tangu hapo asingeniamini hata ninapomwambia Bi Tatu anaumia. Msomaji akikukamata kwenye jambo dogo analolijua, anakunyima imani kwenye kubwa asilolijua. Nenda ukakae mahali pa hadithi yako. Sikiliza wanavyoitana, uliza bei, angalia mikono yao.

Fundi huyo ndiye aliyenipa njia panda halisi. Simu inayojizima hivyo, alisema, huenda programu yake imeharibika, na dawa yake ni kuiflashi, yaani kuipakia programu upya. Ukiiflashi, kilichomo kinapotea. Unaweza kuokoa vitu vichache kwa kuvihamisha kwenye simu nyingine, kimoja kimoja, katika zile dakika ambazo simu inakubali kuwaka.

Basi hali ikawa hivi. Simu ya Bi Tatu ina sauti kumi na saba za mwanawe. Ili sauti mpya iweze kuingia, za zamani zipotee. Fundi ana wateja wengine, anafunga magharibi, na kwa hesabu yake ataweza kuokoa tano, labda sita. Na gharama ni elfu kumi, wakati Bi Tatu ana elfu kumi na nne kwenye pindo la kanga, ambazo ndizo mtaji wa samaki wa kesho.

Sauti zipi? Huhitaji tena kumwambia msomaji kwamba mama huyu anampenda mwanawe. Ameshaanza kuchagua. Aokoe ile ya Mwanahawa akicheka? Ile ya siku ya Idi? Au ile iliyotumwa kwa bahati mbaya, isiyo na maneno, ambayo ndani yake kuna vyombo vinavyogongana, hatua za miguu, na sauti ya mwanamke kutoka chumba kingine akiita? Bi Tatu anaichagua hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mwanawe hakuwa anajikaza wakati wa kuirekodi.

Ukitaka kupima njia panda yako, hakikisha kila barabara ina gharama. Ikiwa moja ni nzuri na nyingine mbaya, hapo hakuna uchaguzi, kuna mtihani wa darasa la pili. Na gharama zisiwe za aina moja. Pesa dhidi ya pesa ni hesabu tu; pesa dhidi ya sauti ya mtoto ni hadithi.

Hatua ya nne: Sikiliza wanavyosalimiana

Kiswahili kimetupa chombo ambacho waandishi wengi wanakiacha kabatini. Heshima, mapenzi, dharau na hasira vyote vinaweza kukaa ndani ya namna mtu anavyomwita mwenzake. Bi Tatu ni "mama samaki" kwa wateja, "bibi" kwa mjukuu, "Tatu" kwa dada yake, "mama'angu" kwa Mwanahawa. Mtu anapobadilisha namna ya kumwita, uhusiano umehama, na msomaji anayetujua anausikia mwendo huo bila kuelezwa.

Tazama anavyofika kwa fundi. Kijana anaitwa Saidi, mtaani wanamwita Side.

"Mama samaki! Mambo?"

"Salama, mwanangu."

"Lete hiyo simu. Kaa hapo, kuna watu wawili mbele yako."

Hakuna shikamoo. Sijaandika kwamba Side hana adabu, wala kwamba Bi Tatu amekwazika. Msomaji wa Pwani ameshaona, na ameshaanza kumtetea mama huyu moyoni mwake. Kumtetea mtu ni hatua ya kwanza ya kumpenda.

Jambo la pili ni desturi yetu ya kujibu "nzuri" hata nyumbani kukiwa na msiba. Jirani anapita anauliza:

"Habari za Mwanahawa?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu."

"Anapiga simu?"

"Ah, huyo! Kazi nyingi. Wewe vipi mguu wako?"

Ukimfanya Bi Tatu ajibu, "Sijamsikia wiki tatu, nina wasiwasi mkubwa," umempa jirani habari na umemnyang'anya msomaji kazi. Lakini anapouliza habari za mguu, msomaji anajua kitu ambacho jirani hakijui. Siri ya watu wawili huwafunga pamoja. Hapa wawili hao ni Bi Tatu na anayesoma.

Kuhusu methali: ukiiweka kwenye mdomo wa msimulizi inafunga mlango wa hisia, kwa maana imeshatoa hukumu. Mwachie mhusika aiseme, tena aiseme mahali isipomsaidia. Bi Tatu kwenye benchi akijisemea "subira yavuta heri" huku akikifungua na kukifunga kile kipindo cha kanga, methali inakuwa uzi anaoung'ang'ania. Ikitoka kwa msimulizi inakuwa hotuba.

Hatua ya tano: Amua umesimama wapi

Msimulizi anaweza kukaa juu ya mti akaona mtaa mzima, au akakaa begani kwa mtu mmoja. Vyote vinafaa, ila hadithi fupi inayotaka ukaribu nakushauri ukae begani na ukae hapohapo. Ukimwonyesha msomaji anachowaza Bi Tatu, kisha Side, kisha jirani, ndani ya ukurasa mmoja, hatajua ampe nani moyo wake.

Kukaa begani si lazima useme "mimi". Linganisha.

*Bi Tatu alifikiri kwamba shilingi elfu kumi zilikuwa fedha nyingi sana kwake.*

*Bi Tatu aliutazama mdomo wa yule kijana. Elfu kumi! Na kesho anakwenda Deep Sea na nini mkononi?*

Mfano wa pili hauna "alifikiri kwamba", na bado tumo kichwani mwake. Lugha ya wazo ni lugha yake, hata soko analonunulia samaki limeingia lenyewe. Zoezi: chukua ukurasa wako, futa kila "alifikiri", "alihisi", "aliona kwamba", na uliache wazo lisimame peke yake. Nimeona miswada iliyofufuka kwa kazi hiyo moja ya nusu saa.

Viambishi vya vitenzi navyo vina nguvu ambayo hatuitumii vya kutosha. *-ka-* inasukuma matukio: akainuka, akachukua, akaondoka. Ukiitumia ukurasa mzima mhusika anakuwa mwanasesere anayevutwa kwa kamba. Ipumzishe kwa *hu-* ya mazoea: *Kila Ijumaa Mwanahawa hutuma sauti ndefu, Bi Tatu huisikiliza mara ya kwanza amesimama, mara ya pili ameketi.* Sentensi kama hiyo inampa msomaji Ijumaa nyingi alizoishi na mhusika huyu, hata kama hadithi nzima ni ya mchana mmoja. Nami naamini huwezi kuhuzunika kwa kukosekana kwa mazoea ambayo hukuwahi kuyaona.

Viashiria pia. "Simu" ni simu yoyote. "Ile simu" ina historia. "Hii simu" iko mkononi sasa hivi. Sogeza kiashiria na umemsogeza msomaji.

Tahadhari moja ya kifundi: *a-* yetu haichagui mwanamke wala mwanamume. Ni uzuri wa lugha, ila ukiwa na wanawake watatu kwenye tukio, "akamwangalia, naye akamgeukia" inamfanya msomaji asimame kutafuta nani ni nani, na akisimama kutafuta, hisia imepoa. Taja jina, au taja kitu anachokifanya: yule mwenye mtoto mgongoni, yule wa benchi la mwisho.

Hatua ya sita: Uzito ukifika, poa

Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi aliyekuwa pia daktari, alimwandikia barua mwandishi mwenzake Lydia Avilova mwezi Machi 1892. Alimshauri kwamba anapowaandika watu wenye huzuni na akataka msomaji awahurumie, ajitahidi kuwa baridi zaidi. Ubaridi huo huwa kama mandhari ya nyuma inayoifanya huzuni yao ionekane wazi. Nimejaribu ushauri huo miaka mingi na sijaona ulipokosea.

Hii ndiyo rasimu niliyoitupa:

*Sauti ya Mwanahawa ilipotoka kwenye simu, moyo wa Bi Tatu ulimwenda mbio. Machozi yalimlengalenga, akahisi kisu kikali kikimchoma kifuani. Alikumbuka jinsi alivyomlea kwa taabu, akalia kwa uchungu usioelezeka.*

Kila kitu hapo kimeshaliwa. Moyo kwenda mbio, machozi kulengalenga, kisu kifuani: msomaji amekutana nayo mara elfu, na macho yake yanayapita kama mtu anayepita bango la tangazo lile lile kila siku. Na hayo "yasiyoelezeka", kazi yetu ni ipi kama si kuyaeleza?

Hii ndiyo niliyoibakisha. Side anataka kujaribu kama spika inafanya kazi kabla ya kuanza kuhamisha:

*Side alibonyeza ya juu kabisa. Sauti ikajaa kibandani, kubwa kuliko alivyotarajia.*

*"Shikamoo, mama'angu."*

*"Marahaba, mwanangu," Bi Tatu akaitikia.*

*Watu wawili kwenye benchi waligeuka. Side akaizima. Akachukua kitambaa akafuta kioo cha simu, akafuta tena. "Nianze na ipi?" akauliza. Kisha akasema, "Shikamoo, mama."*

Hakuna anayelia. Salamu imetoka mdomoni kwa mazoea ya miaka, kuitikia sauti iliyorekodiwa zamani, mbele ya watu wasiomjua. Na ile shikamoo ambayo msomaji aliikosa ukurasa wa kwanza imefika kwa kuchelewa. Nilikuwa nimeandika pia kwamba Side alifuta machozi. Nikaikata. Mhusika akilia, amelia kwa niaba ya msomaji. Kazi imeisha kabla yeye hajaianza.

Kwa hiyo tafuta katika mswada wako mahali palipo na machozi mengi. Ondoa machozi, ondoa moyo, ondoa pumzi zinazoshushwa. Jiulize: mikono yake inafanya nini? Kuna nani mwingine anayemwona? Kitu gani kidogo anakikosea kwa sababu akili yake haipo? Andika hicho, kisha nyamaza.

Hatua ya saba: Anayemzuia naye awe mtu

Hii ni fupi. Side si mbaya. Ana kodi ya kibanda, ana wateja wanaonung'unika, na kila kuhamisha sauti moja kunamla dakika ambazo angezitumia kubadilisha kioo cha mtu na kulipwa. Nipe sababu zake hata kama sizikubali. Ukimfanya katili kwa ajili ya ukatili tu, msomaji ataona mkono wako nyuma ya pazia, na Bi Tatu ataonekana amewekewa mtego na mwandishi.

Hatua ya nane: Yaliyopita yaingie kwa mlango wa nyuma

Usifungue hadithi kwa wasifu: alizaliwa, akasoma hadi darasa la saba, akaolewa. Hatujamjua kiasi cha kutaka kujua. Mbinu rejeshi, ile ya kurudi nyuma kusimulia ya zamani, nayo itumie kama chumvi. Kurasa tatu za zamani katikati ya tukio linalopumua zinalizima.

Doa la Bi Tatu nimeliingiza mara mbili tu. Mwanzoni, akiwa njiani, anapita barazani kwa fundi nguo. Mlio wa cherehani unasikika, naye anavuka upande wa pili wa barabara ingawa upande ule kuna jua kali. Hakuna maelezo. Baadaye, Side anafika kwenye ujumbe wa tisa, anauliza kama auokoe. Bi Tatu anaitazama tarehe yake.

*"Huo uache."*

*"Bila kuusikiliza?"*

*"Uache, mwanangu. Nenda mbele."*

Yule mwenye masikio ya kusikia kila kitu amekataa kusikia. Kati ya cherehani na ujumbe huo kuna pengo, na msomaji ndiye anayejenga daraja. Neno analowajibu majirani tulilolisikia mapema, kwamba Mwanahawa "alitaka mwenyewe", sasa linageuka rangi. Wapo watakaokosa kuunganisha. Wakubali hao wachache; ukiwaeleza wao, unawapoteza waliokuwa wameshafika.

Hatua ya tisa: Msomee mtu, na uulize maswali yanayofaa

Soma kwa sauti, kwa mtu ambaye si mwandishi. Hadithi zetu zilikaa midomoni kabla ya kukaa kwenye karatasi, na sikio la msikilizaji bado ni mizani nzuri. Utasikia mwenyewe mahali ulimi unapojikwaa. Mara nyingi ndipo ulipodanganya.

Usimuulize, "Umeipenda?" Atasema ndiyo, kwa adabu. Simama katikati na umuulize, "Unadhani atafanya nini sasa?" Akikosa la kusema, hajaingia. Akisema, "Mimi ningemwambia asikubali," ameingia. Mwishoni muulize alianza kumwogopea wapi hasa, na alichoka wapi. Alipochoka, usibishane naye wala usimweleze ulichokusudia. Piga mstari chini ya sentensi hiyo na uirudie nyumbani. Na ukimwona ameacha kugusa simu yake kwa dakika kumi, hilo andika pembeni pia, pamoja na ukurasa wenyewe.

Bi Tatu nilimsomea mama mmoja anayeuza nguo za mtumba, jioni, akifunga mizigo yake. Hakulia. Nilipofika kwenye "huo uache" alisimamisha mikono. Nilipomaliza hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza: "Ule wa tisa, Mwanahawa alikuwa amesema nini?"

Nikatambua sijui. Nilijua tu kwamba unauma. Nikarudi nyumbani usiku ule, nikachukua karatasi, nikauandika wote kwa sauti ya Mwanahawa, dakika mbili na sekunde kumi, na mwangwi wa bafuni, na mahali anapokatisha sentensi kwa sababu kuna mtu anagonga mlango. Hakuna neno lake hata moja litakaloingia kwenye hadithi. Kisha nikaurudia ukurasa ule wa benchi, nikaandika upya namna Bi Tatu anavyoitazama tarehe.